Ubingwa wa fantasi ya basketi uko kwenye ratiba, sio kwenye majina makubwa

Mhariri, salamu kwako na kwa wenzako wote wa dawati la michezo.

Naandika kama msomaji wa kurasa zenu, na kitu kinachonisukuma ni kimoja tu. Kila mkiandika habari za NBA, ligi ya basketi ya Marekani, mnatupa matokeo na jina la aliyefunga pointi nyingi, fulani kapiga 38, fulani kapiga 41, picha kubwa, habari imeisha. Sasa wasomaji wengi siku hizi tunacheza fantasi ya basketi, na mtu akipanga timu yake kwa kutegemea habari ya aina hiyo atapigwa kila wiki, tena atapigwa na mtu ambaye hata mechi haangalii ila anajua kusoma ratiba na dakika. Nimeona vijana wenye moyo kabisa wanaingia kwenye ligi mwezi wa 10 wakiwa na moto, ikifika Januari wamekata tamaa, wameacha timu zao hivyo hivyo na majeruhi watatu ndani ya kikosi, na ligi nzima inaharibika kwa sababu yao. Inaniuma kwa sababu hawakukosa akili, walikosa maelezo tu. Naomba nafasi niyaseme hapa.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, mnakuwa watu 10 au 12, mnagawana wachezaji wa NBA kwa drafti, yani kuchagua kwa zamu raundi kwa raundi, na mchezaji akishachukuliwa na mmoja hakuna mwingine anayempata. Alafu kila wiki kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili unakutana na mpinzani mmoja, na yale wachezaji wako wanayofanya uwanjani ndo yanahesabiwa. Hapo tu tayari ni tofauti na fantasi ya ligi kuu ya Uingereza ambayo watu milioni wanaweza kuwa na straika yuleyule. Tofauti nyingine kubwa zaidi ni kwamba kwenye soka timu nyingi zinacheza mara moja kwa wiki, lakini NBA kila timu ina mechi 82 za msimu wa kawaida na wiki moja timu inaweza kucheza mara 2, nyingine 3, nyingine 4. Shika hilo neno la idadi ya mechi, nitalirudia mpaka uchoke.

Kitu cha kwanza kabla hata hujafungua orodha ya wachezaji, soma sheria za ligi yako. Kuna ligi za pointi, ambapo kila kitu kina bei yake na mnajumlisha, na kuna ligi za kategoria 9: pointi, ribaundi (kudaka mpira wa shuti lililokosa), asisti (pasi ya kufunga), stili (kupokonya mpira), bloku (kuzuia shuti), thrii zilizoingia (mashuti ya mbali ya pointi tatu), asilimia ya mashuti, asilimia ya mitupo huru (ile ya adhabu), na tanova (kupoteza mpira) ambazo mwenye chache ndo anashinda. Mchezaji yuleyule anaweza kuwa dhahabu kwenye aina moja na mzigo kwenye nyingine. Unakuta mtu kacheza ligi ya pointi miaka yote, anahamia ya kategoria, anachagua vilevile, alafu anashangaa kwa nini timu yenye mastaa inapigwa 6 kwa 3 na timu ya watu asiowajua.

Chukueni mfano wa Golden State msimu wa 2016-17. Desemba 2016 Klay Thompson alifunga pointi 60 ndani ya dakika 29, dunia nzima ikasimama na magazeti yakajaa. Miezi miwili baadaye, tarehe 10 Februari 2017, Draymond Green wa timu hiyohiyo akacheza dhidi ya Memphis akafunga pointi 4 tu, NNE, lakini ribaundi zikavuka 10, asisti 10, stili 10 na bloku 5. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwenye historia ya NBA mtu kupata tripo-dabo, yani kufikisha 10 kwenye kategoria tatu, bila pointi kuwemo. Sasa niambie kwenye kategoria 9 nani kati yao kakusaidia zaidi kwenye wiki yake? Klay kakupa pointi na thrii, sawa, shukrani. Draymond na stili 10 kwa usiku mmoja, kuna timu nzima za fantasi haziwezi kuzifikia kwa siku tatu. Hata kwenye ligi za pointi, nyingi zinalipa 3 kwa kila stili na 3 kwa kila bloku, ina maana hizo stili na bloku peke yake zimeleta 45 kabla hujahesabu ribaundi hata moja. Yani ukisoma habari ya "pointi 4" unaweza ukamuacha nje mtu aliyekushindia wiki.

Tuje kwenye drafti. Raundi za kwanza mbili wala hazihitaji ubunifu, hapo unatafuta mtu anayegusa kategoria nyingi na anayecheza mechi nyingi. Ndo maana Nikola Jokić anachukuliwa mapema kila mwaka na hakuna anayebisha, msimu wa 2024-25 alimaliza na wastani wa pointi 29.6, ribaundi 12.7 na asisti 10.2, senta (yule mrefu wa karibu na goli) wa kwanza kabisa kumaliza msimu na wastani wa tripo-dabo. Senta anayekupa asisti 10 maana yake amekuziba pengo la pointi gadi, yule mchezesha timu, bila kutumia nafasi ya pointi gadi. Shai Gilgeous-Alexander naye, pointi 32.7 kwa mechi msimu huo na mitupo huru anapiga karibu asilimia 90, na anaipiga mingi, huyo anabeba asilimia ya timu nzima mgongoni.

Kazi yenyewe iko kuanzia raundi ya 3 kwenda chini, na hapo ndo watu wengi wanapotea kwa sababu wanaendelea kuchukua "aliyebaki bora" kwenye orodha ya programu bila kuangalia timu yao inaelekea wapi. Mtaka yote hukosa yote, wazee walishasema, na kwenye kategoria 9 ni kweli kabisa. Kushinda wiki unahitaji kategoria 5, huhitaji 9. Kwa hiyo timu nyingi zinazochukua ubingwa zimeisusa kategoria moja au mbili kwa makusudi, tena mapema, alafu zikajaza nguvu zote kwenye zilizobaki.

Nieleze vizuri kwa Giannis Antetokounmpo maana yeye ndo somo lenyewe. Msimu wa 2024-25 alikuwa na wastani wa pointi 30.4, ribaundi 11.9, asisti 6.5, na mashuti anaingiza asilimia 60. Huyo ni mnyama. Lakini mitupo huru alipiga asilimia 61.7, na anaenda kwenye mstari mara 10 na ushee kila mechi, shida sio kukosa, shida ni kukosa nyingi. Piga hesabu: timu yako bila yeye imepiga mitupo 100 kwa wiki ikaingiza 82, safi sana, asilimia 82. Giannis anacheza mechi 4, anapiga 42 anaingiza 26. Jumla yako sasa ni 108 kati ya 142, asilimia 76. Mtu mmoja kakushusha kutoka 82 mpaka 76 na hakuna wapigaji wazuri watakaokurudisha, maana wengi wao wanapiga mitupo miwili mitatu tu kwa usiku. Sasa unakuta meneja kamchukua Giannis raundi ya kwanza, alafu raundi ya 4 anamchukua mpigaji mitupo huru mzuri "ili kusawazisha". Hausawazishi chochote hapo, umelipia kategoria ambayo ulishaipoteza siku ulipomchagua Giannis.

Ukishamchukua, isuse mitupo huru moja kwa moja, alafu nenda kawachukue wale ambao wenzako wanawaogopa kwa sababu hiyohiyo, masenta kama Rudy Gobert wanaokuja na ribaundi, bloku na asilimia kubwa ya mashuti na wanashuka bei kwa ajili ya mitupo huru tu. Kwako wewe hawana kasoro hata moja. Mwenzako anamuona Gobert ni mchezaji wa raundi ya 6, kwenye timu yako ni wa raundi ya 3, na umempata kwa bei ya 6. Hiyo tofauti ndo faida, na ukiipata mara tatu nne kwenye drafti moja umeshawaacha mbali.

Vivyo hivyo kwa upande wa pili. Trae Young msimu wa 2024-25 aliongoza ligi kwa asisti, 11.6 kwa mechi, lakini tanova karibu 5 na mashuti asilimia 41. Ukimchukua, tanova na asilimia ya mashuti zimeondoka, usizililie. Tafuta gadi wengine wenye mpira mkononi, wenye thrii, stili na mitupo huru mizuri, wapoteze mpira watakavyo. Kumchanganya Trae na Giannis kwenye timu moja ndo kosa ninaloliona kila msimu, majina mawili makubwa ambayo yanaua kategoria tofauti, tayari umepoteza tatu kabla ya raundi ya 3 na bado wapinzani wanakupigia makofi kwenye drafti.

Na msizidishe. Kategoria moja inatosha, mbili sawa, ukisusa tatu ina maana kila wiki lazima ushinde 5 kati ya 6 zilizobaki na hiyo ni njia nyembamba mno. Kama ligi yenu ni ile ya kujumlisha msimu mzima bila mpinzani wa wiki, roto, basi sahau habari ya kususa, kule ukiwa wa mwisho kwenye kategoria moja unapata pointi 1 kati ya 12 na hilo shimo hulijazi.

Sasa ratiba. Hapa naomba dawati la michezo mnisikilize vizuri.

Mchezaji wa kawaida mwenye wastani wa pointi 30 za fantasi akicheza mechi 4 anakuletea 120. Nyota wa 38 akicheza mechi 3 analeta 114. Yule wa kawaida yuko huru, hana mtu, unaweza kumchukua Jumapili usiku bure, wakati yule wa 38 ungetoa mali kumpata. Watu wanaumiza kichwa kutafuta trade kubwa (kubadilishana wachezaji) wakati mechi moja ya ziada imekaa tu inawasubiri. Kila wiki kabla haijaanza angalia timu gani zina mechi 4 na zipi zina 2, alafu nafasi moja au mbili za mwisho kwenye kikosi chako zifanye za kuzungusha, mtu anaingia anacheza mechi zake mbili anatoka anaingia mwingine. Usiwape hizo nafasi wachezaji unaowapenda. Hizo ni nafasi za kazi.

Ila kuna jambo dogo linalowapita hata wazoefu. Mechi 4 sio lazima zikupe mechi 4. NBA inapenda kujaza mechi Jumatano na Ijumaa, siku hizo karibu kila mtu anacheza, na kikosi chako kinajaa mpaka unaacha wachezaji wazima kwenye benchi. Sasa kama yule wako wa mechi 4 mbili ziko Jumatano na Ijumaa, na kikosi kimejaa, umepata mechi 2 tu. Wakati huohuo mchezaji wa mechi 3 ambazo ziko Jumanne, Alhamisi na Jumapili, siku ambazo mara nyingi uwanja ni mweupe, anakupa zote 3. Kwa hiyo usiishie kuhesabu mechi, hesabu mechi zinazoanguka kwenye nafasi zako zilizo wazi. Kaa chini Jumapili na karatasi, andika siku saba, andika kila siku nani anacheza, utaona mashimo yenyewe yanakwambia umchukue nani. Na kama ligi yenu ina kikomo cha kubadilisha wachezaji kwa wiki, usizimalize Jumatatu kwa hasira ya kupoteza wiki iliyopita, weka angalau moja mpaka Jumamosi.

Baada ya ratiba kuna dakika. Pointi zinadanganya, dakika hazidanganyi. Mtu akifunga 25 kwa dakika 19 kwa sababu mashuti yote yameingia, wiki ijayo yuko na 7. Mtu akifunga 9 lakini amecheza dakika 34 na amemaliza robo ya nne uwanjani, kocha amekwambia kitu. Dyson Daniels ndo mfano wangu ninaoupenda. Alikuwa New Orleans akicheza dakika 22 hivi kwa mechi na tayari alikuwa anakupa stili 1.4 kwa muda huo mdogo. Kiangazi cha 2024 akapelekwa Atlanta kwenye trade ya Dejounte Murray, dakika zikapanda mpaka karibu 34, na stili zikafika 3.0 kwa mechi, jumla 229 msimu mzima, hakuna mtu alikuwa amefikia idadi hiyo tangu Gary Payton msimu wa 1995-96. Akachukua na tuzo ya aliyepiga hatua zaidi. Alama zote zilikuwepo kabla ya drafti: mikono anayo, nafasi kapata. Waliokuwa wanaangalia pointi zake za New Orleans walimpita raundi baada ya raundi.

Ndo maana trade ikitokea au mtu akiumia usiulize "nani ataziba pointi zake", uliza dakika zake 35 zinaenda kwa nani na mpira utakuwa mkononi mwa nani. Mara nyingi jibu ni mtu wa benchi ambaye jina lake halijawahi kuandikwa gazetini, na una saa chache tu za kumuwahi kabla ligi nzima haijaamka.

Majeruhi sasa. Hakuna anayeweza kuyazuia ila unaweza kuchagua kiasi gani cha hatari unabeba. Joel Embiid alicheza mechi 39 msimu wa 2023-24 na 19 tu uliofuata. Kawhi Leonard 37 msimu wa 2024-25. Ni wachezaji wakubwa, nawaheshimu, na siku wakicheza wanakushindia, lakini kumchukua mmoja wao raundi za mwanzo inabidi waliobaki wawe wazima wa chuma. Mmoja unaweza kumbeba. Wawili hapana. Upande mwingine yupo Mikal Bridges ambaye hakosi mechi, msimu wa 2022-23 alicheza mechi 83 kwenye ligi ya mechi 82 kwa sababu alihamishwa katikati ya msimu kutoka Phoenix kwenda Brooklyn. Takwimu zake za usiku mmoja hazimtishi mtu, ila ukijumlisha mpaka mwisho anawapita wengi wenye majina kuliko yeye.

Na wakati mwingine linakuja ambalo hakuna aliyelitarajia. Februari 2025 Victor Wembanyama alicheza mechi ya mastaa, All-Star, siku ya Jumapili na siku chache baadaye klabu ikatangaza kwamba amepatikana na damu iliyoganda kwenye bega la kulia, msimu umeisha. Alikuwa anatoa bloku 3.8 kwa mechi, hizo huzipati kwa wachezaji huru hata ukiwaweka watatu. Mameneja waliofanya vizuri baada ya pale ni wale walioamua siku hiyohiyo: ama unatafuta senta wa bloku kwa trade haraka, ama unaisusa bloku kuanzia leo na kuwauza wenye bloku waliobaki kwa mtu anayezihitaji. Waliokaa katikati wakisikilizia walipoteza bloku na bado wakabaki na wachezaji wa bloku. Nafasi za majeruhi zitumieni, ziko kwa ajili hiyo, mtu aliyeumia asikae kwenye benchi lako la kawaida hata siku moja akila nafasi.

Tangu msimu wa 2023-24 NBA inataka mchezaji acheze angalau mechi 65 ndo astahili tuzo kubwa kama MVP (mchezaji bora wa msimu), na wameweka sheria ya kuzuia klabu kupumzisha mastaa ovyo. Imesaidia kidogo. Bado kwenye mechi za siku mbili mfululizo hasa kwa wazee na wanaotoka kwenye majeraha tegemea wakose moja, kwa hiyo mechi 4 za mtu wa namna hiyo zihesabu 3. Ripoti ya majeruhi inatoka rasmi na klabu zinatakiwa kuitoa mapema, kwa kawaida saa 11 jioni ya siku iliyotangulia kwa saa za kule kwenye mechi, isome kabla hujalala, alafu kama kikosi chenu kinafungwa kila mechi inapoanza usimuweke mtu mwenye shaka kwenye mechi ya mwisho ya usiku bila kuwa na wa kumbadili.

Kwenye trade nina maneno machache. Uza mtu akiwa anapiga thrii kwa asilimia 50 kwa wiki mbili wakati maisha yake yote ni 35, maana atarudi kwenye 35 yake. Nunua mwenye dakika zilezile na mashuti yanayogoma. Ukitoa wawili ukapata mmoja bora, kumbuka umepata na nafasi tupu ya kuzungusha, kwa hiyo wewe ndo umepata wawili. Na usimdhalilishe mwenzako kwa ofa za ajabu, ofa moja ya kejeli na huyo mtu hatajibu meseji zako msimu mzima, na utamhitaji.

Sasa Jumapili, siku ninayoipenda kuliko zote. Umefika mchana unaongoza 5 kwa 4. Tanova zako 60, za mpinzani 61. Asilimia ya mashuti wewe 48.1, yeye 47.9. Mechi zake zote zimeisha. Wewe umebakiza gadi mmoja mwenye mkono mzito, anapiga mashuti 18 anaingiza 7, na tanova zake 4. Asisti unaongoza kwa mbali, ribaundi umeshapoteza kwa mbali, pointi vilevile, hakuna anachoweza kukuongezea. Wengi wanamuacha acheze kwa mazoea. Mtoe! Mweke benchi, funga simu, umeshinda. Kuna wanaosema huo sio uungwana, mimi siwaelewi, kocha wa kweli anayeongoza dakika ya mwisho anashika mpira na kula saa, hakuna anayemlaumu. Ila kabla hujamtoa pitia kategoria zote tisa moja moja, maana kama stili unazidiwa moja tu, huyohuyo gadi anaweza kuwa ndo ushindi wako wa 6, na hapo lazima upime unachohatarisha na unachotafuta.

La mwisho ni mwezi Machi, maana mechi za mtoano za fantasi nyingi zinachezwa Machi mpaka mwanzoni mwa Aprili, wakati ambao NBA yenyewe inabadilika tabia. Timu zilizoshindwa zinaanza kutafuta nafasi nzuri kwenye drafti ya NBA ya wachezaji wapya, ambako ukipoteza zaidi unapata nafasi kubwa ya kuchagua mapema, na mastaa wao wanapata maumivu ya ghafla ya mgongo na nyonga. Machi 2025 Utah walitozwa dola 100,000 kwa sababu ya kutomchezesha Lauri Markkanen, na Aprili 2023 Dallas walitozwa dola 750,000 kwa kuwaweka nje wachezaji wao kwenye mechi muhimu ya mwisho wa msimu. Faini inalipwa na klabu, wiki yako hairudi. Kwa hiyo ikifika Januari mwishoni anza kuhamisha, mastaa wa timu za mkiani wauze wakati bado wana bei, chukua wa timu zinazopigania nafasi ya 5 mpaka ya 10 ambazo hazina anasa ya kupumzika. Alafu angalia ratiba ya hizo wiki za mtoano mapema, timu yenye mechi 4 wiki ya fainali inaweza kumfanya mchezaji wa tatu wa klabu akupe ubingwa.

Ombi langu kwenu, Mhariri, sio kubwa. Mkiandika mechi za NBA, pamoja na pointi wekeni dakika, stili, bloku na nani hakucheza, mistari miwili inatosha. Na kila gazeti la Jumapili tupeni kajedwali kadogo pembeni, timu 30, kila timu na idadi ya mechi zake za wiki inayoanza kesho na siku zenyewe. Hako kajedwali nitakakata na kukabandika ukutani, na najua sitakuwa peke yangu.

Ahsanteni kwa kazi yenu.

Msomaji wenu, mpenzi wa basketi